Mhojiwa wa 14 kati ya 52

Kibaoni, Ifakara
3 Machi 2025

Mdogo wangu Evod,

Makala yenu imefika. Konda alinikabidhi bahasha ikiwa imelowa upande mmoja, maana tangu Alhamisi mvua haijakata na Mto Lumemo umejaa hadi kwenye mashamba. Kurasa arobaini na moja, zote zipo. Nimezisoma mara mbili na kalamu nyekundu mkononi, kama ulivyoniomba. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu ukurasa wa saba mmesema ujumbe wa simu unaacha nyayo. Nikaona ya leo yasiache nyayo.

Kwanza makosa. Ukurasa wa 22 mmeandika wazee waliokuja kusajili laini za simu wakashindwa mashine ya alama za vidole ni asilimia kumi na tano. Ni sitini na mmoja kati ya mia nne na sita. Hiyo ni kumi na tano nukta sifuri mbili. Kama ni sheria, iwe sheria.

Pili, mimi.

Nimehesabu. Jina la Ritha lipo mara nne: kwenye jalada, kwenye shukrani na kwenye tanbihi mbili. Maktaba imeshukuriwa. Mwalimu wenu ameshukuriwa na mke wake pia ameshukuriwa. Halafu mmewashukuru "wananchi wa Bonde la Kilombero kwa ukarimu wao". Balbina: sifuri.

Kumbe nipo, nimefichwa chini kwa herufi ndogo. "Mhojiwa wa 14 kati ya 52, Kibaoni." Mara kumi na tisa! Evod, mimi darasa la saba nilishika nafasi ya pili kati ya tisini na sita. Sijawahi kuwa wa kumi na nne popote, hata mwaka niliougua surua. Na wa kwanza ni nani? "Mhojiwa wa 1 kati ya 52, Viwanja Sitini." Unadhani simjui? Viwanja Sitini yote ina wakala mmoja mwanamke, naye ni Kristina. Kristina aliyekuja kibandani kwangu kuniuliza asilimia inapatikanaje! Huyo ndiye mmempa namba moja, na mimi niliyekaa miezi minane naandika kila kidole kilichokataliwa, kidole gumba mpaka cha mwisho, mkono wa kulia na wa kushoto, nimekuwa wa kumi na nne.

Huyo Ritha wako alikaa Ifakara siku nne. Ulipompeleka kwa diwani ulisema, "Huyu ni mtafiti mwenzangu." Ukanigeukia mimi ukasema, "Na huyu ni dada, ana kibanda." Nilinyamaza kwa sababu kulikuwa na wageni.

Sasa sinyamazi. Jedwali la 3 ni langu, mstari kwa mstari. Nataka jina langu pale jedwali linapoanzia, na nataka liwe juu ya jalada.

Mama anakusalimu. Anauliza kama unakula.

Dada yako,
Balbina Polikarpo


Dar es Salaam
11 Machi 2025

Dada Balbina, shikamoo.

Barua yako nimeisoma nikiwa kwenye foleni ya kuchapisha, nikacheka, halafu sikucheka tena.

Dada, kumi na nne si nafasi. Ni mpangilio wa mahojiano tu. Kristina tulimhoji wa kwanza kwa sababu siku ile kwako kulikuwa na foleni. Wewe tulikuhoji siku ya tatu. Hakuna aliyesahihisha mtihani, hakuna aliyefaulu wala kufeli.

Majina yamefichwa kwa sababu ya maadili ya utafiti. Makala nzima inasema taarifa za mtu zisitolewe ovyo. Tungekuwa watu gani kama tungeandika hilo huku tumeanika majina ya watu hamsini na wawili? Jina lako halikuachwa kwa dharau. Limelindwa.

Ritha yumo kwenye jalada kwa sababu amesoma kanuni zote za usajili wa laini, za hapa na za nchi nyingine nne, na sura ya pili ni yake. Hivyo ndivyo kazi za kitaaluma zinavyopangwa. Nakuomba uelewe.

Kuna jambo moja amelibaini yeye, na inabidi nikuulize. Kwenye jedwali lako walioshindwa vidole vyote kumi ni 61. Walioondoka bila laini ni 38. Ritha anauliza: wale 23 waliobaki walisajiliwaje?

Nijibu kwa barua, usipige simu. Msalimie mama, mwambie nakula.

Mdogo wako,
Evod


Kibaoni, Ifakara
17 Machi 2025

Evod,

Kwa hiyo Ritha anajua kutoa. Hongera zake. Sitini na moja toa thelathini na nane. Wewe jedwali hilo unalo tangu Novemba, umelibandika ukutani, umelisoma mbele ya walimu, hukuona. Akaona yeye. Tena unaniandikia kwa fahari, kana kwamba amegundua dawa ya malaria.

Mimi hesabu zangu hazijawahi kukosea. Nilijua kabisa mtu mwenye macho atakuja kuuliza. Nilitaka uwe wewe.

Haya, sikiliza. Unamkumbuka bibi Domitila wa Lumemo, yule aliyekuwa anatuletea perege wakavu? Alikuja Juni, baada ya mavuno. Binti yake yuko Mahenge, anataka kumsikia sauti. Kitambulisho cha taifa anacho. Tukaosha mikono kwa sabuni. Tukasugua kwa ndimu, tukakausha kwa kanga. Mashine ikasema jaribu tena. Vidole vyake vimelainika kama kijiko kilichotumika miaka mingi: mpini wa jembe, mundu, kupura, kupepeta, mwaka hadi mwaka. Hakuna mstari hata mmoja uliobaki. Kidole cha kumi kilipokataa akaniambia, "Mwanangu, mashine yako inanikana. Mimi si mtu?"

Nikamwambia, "Bibi, hebu angalia nje kidogo kama mvua inakuja." Mwezi wa sita, mvua ya wapi! Lakini akaangalia. Nikaandika namba yangu ya kitambulisho, nikaweka kidole changu.

Yeye alikuwa wa kwanza. Wako ishirini na tatu. Niliwagawa kwenye mitandao minne ili wasirundikane mahali pamoja. Sikuchagua kwa upendeleo: niliwapa wale wasio na mtu nyumbani mwenye simu. Wale thelathini na nane nao wananiuma, lakini kidole changu nacho kina mwisho.

Ukisoma hapa usianze kuhema. Watu wana laini, wanaongea na watoto wao. Kwenye jedwali sikudanganya. Niliandika waliokwama na walioondoka mikono mitupu. Hakuna aliyeniuliza safu ya katikati.

Bado nataka jina langu.

Balbina


Dar es Salaam
26 Machi 2025

Dada, shikamoo.

Barua yako nimeichana.

Unajua ulichofanya kinaitwaje kwenye kanuni? Mimi ninajua, nimekiandikia kurasa sita. Laini 23 kwa jina lako mikononi mwa watu wengine. Mmoja wao akiibiwa simu, mwizi akaitumia kutapeli watu, anayefuatwa ni wewe.

Sasa umeona kwa nini jina lako haliwezi kuwemo? Likiwa juu ya jedwali lile, hiyo si makala tena, ni maungamo yaliyopigwa chapa. Nimekuwa nikikukinga dada, nawe unanitukana. Nitafuta ile 38 niandike "baadhi", na hakuna atakayetoa wala kujumlisha. Ritha amekubaliana nami. Mwisho wa kupokea makala jaridani ni tarehe 2 Mei, tuimalize kwa amani.

Evod


Kibaoni, Ifakara
2 Aprili 2025

Kwa Bi Ritha,

Habari za masomo. Mimi ni Balbina, dada yake Evod, mwenye kibanda. Utanikumbuka, siku ya pili ulikula wali na kambale kwangu, ukaongeza.

Sitazunguka. Mdogo wangu nimemlea mimi. Mama alipolazwa nilikuwa nimeshapangiwa kidato cha tano, nikabaki, akasoma yeye. Sijamdai hilo. Lakini tangu uje, kila barua yake ina Ritha amesoma, Ritha amebaini, Ritha amekubali. Zamani alikuwa ananiuliza mimi kwanza. Akikwama hesabu alikuwa anakuja na daftari hadi mtoni ninapofua. Sasa ananiletea maswali yako.

Sijui wewe ni nani kwake na sikuulizi. Ninalouliza ni hili: ni kweli umekubali jina langu lisiwemo? Ni kweli umekubali namba yangu ifutwe, iandikwe "baadhi"? Baadhi ni neno la mtu asiyejua kuhesabu. Mimi nilihesabu. Kama umekubali, niambie mwenyewe kwa mwandiko wako, na unirudishie picha ulizopiga za daftari langu, kurasa mia moja na kumi na mbili. Usifute tu kwenye simu halafu useme umefuta.

Balbina Polikarpo


Dar es Salaam
10 Aprili 2025

Dada Balbina, shikamoo.

Nakukumbuka vizuri, hata kambale yule namkumbuka. Nilitaka kuomba mara ya tatu nikaona haya.

Sijakubali. Sikuwahi kuulizwa habari ya "baadhi". Nimeisoma kwenye barua yako.

Nikueleze ninavyojua, nawe utapima. Jalada la kwanza nililichapa mimi tarehe 19 Januari. Majina yalikuwa matatu na lako lilikuwemo. Tulipeleka kwa mwalimu. Akasoma yote, akasema sura ya kwanza na ya pili ameshaziona kwa watu wengine, ila jedwali la 3 hajaliona popote. Akauliza, "Huyu Balbina ni mhadhiri wa wapi?" Nikamwambia ana kibanda cha steshenari na usajili wa laini Ifakara. Akacheka kwa furaha, akasema basi huyo ndiye atangulie. Evod aliinuka akatoka kwenda kunywa maji. Hakurudi.

Tarehe 21 jalada likarudi bila jina lako. Nilipouliza aliniambia wewe mwenyewe umeomba usitajwe. Niliamini. Swali la wale 23 nimeliuliza tarehe 8 Machi, na hadi leo hajanipa jibu. Kama jibu ni zito, usiniambie.

Kuhusu mimi ni nani kwake: tunasoma meza moja, ananikopa kalamu harudishi. Nina mchumba, yuko Songea.

Nimemwambia leo kwamba kama jina lako halirudi, langu nalo litoke, na sura ya pili aiandike upya. Picha zako nimezichapa zote na ninazituma kwa basi. Kwenye simu nimefuta, na simu yangu nitakuonyesha ukitaka.

Wako mtiifu,
Ritha


Kibaoni, Ifakara
16 Aprili 2025

Evod,

Tarehe 21 Januari ulitoa jina langu. Tarehe 8 Machi ndiyo swali la ishirini na tatu lilizaliwa. Katikati hapo kuna siku arobaini na sita. Siku arobaini na sita ulikuwa unanikinga na jambo usilolijua. Sijawahi kuona ulinzi wa namna hiyo, na mimi nimekaa Ifakara miaka thelathini na tisa.

Sikufokei. Mama anashangaa nilivyo kimya.

Nikuambie nilichofanya, maana ulisema kinga ndiyo inayozuia. Nimewafuata wote ishirini na tatu. Wengine kwa bodaboda, wengine kwa miguu kwenye maji ya magoti, kule Lumemo kwa mtumbwi. Ishirini na mmoja wapo hai. Mzee Jeremia amefariki Februari na laini anayo mkewe. Mwingine amezikwa Mahenge na simu yake. Kila mmoja nilimwambia wazi kwamba laini yako iko kwa jina langu, nilikuficha, nisamehe. Bibi Domitila alisema, "Nilijua. Hakukuwa na mvua."

Juzi nikaenda kwenye tawi la kampuni ya simu nikiwa na orodha, nikaiweka mezani kwa meneja. Alisoma, akafunga mlango. Akaniuliza, "Mama, nani amekulazimisha uje?" Nikamwambia, "Hakuna." Akasema, "Sasa unataka nikufanyeje?" Nikasema, "Hawa wazee wasikatiwe, mengine fanya yako." Tulibishana saa moja na nusu. Akawapigia wenzake wa mitandao mingine mitatu: wazee hawatakatwa hadi mwisho wa Juni, watatafutiwa utaratibu. Mimi wamechukua mashine, wamechukua fulana na kibao cha uwakala, na nimeambiwa nisubiri kuitwa. Kuitwa na nani, hakusema.

Kristina alipita jioni kunipa pole. Alikuwa amevaa fulana yake mpya. Alikaa sana.

Kwa hiyo kinga imekwisha, hakuna cha kukinga. Weka jina langu, au toa jedwali langu upeleke jaridani sura zenu mbili ambazo mwalimu ameshaziona.

Balbina


Dar es Salaam
24 Aprili 2025

Dada yangu, shikamoo.

Nimeandika barua hii mara nne. Zile tatu za kwanza zilikuwa na sheria ndani yake.

Nilikuonea wivu. Basi, ndiyo hiyo.

Mwalimu aliposema wewe utangulie, nilijisikia kama niko mezani kwetu tena, shule zimefungwa, baba anasoma ripoti yako kwa sauti hadi majirani wanasikia, halafu yangu anaiweka chini ya redio. Nilisema moyoni, hapa hawezi kunifuata. Huku ni kwangu. Nimekaa maktaba miaka miwili, nimeazima viatu vya kwenda kusimama mbele ya watu, na wewe umekaa kwenye kiti cha plastiki Kibaoni ukiwa na kalamu na daftari, ukanipita bila hata kujua kwamba tunakimbia.

Ulipoandika habari ya kidole chako niliogopa kweli. Hilo nakuomba uliamini. Lakini nilifurahi pia, kwa sababu nilipata sababu. Siku ile niliichana barua yako haraka, nisije nikaisoma mara ya pili nikajijua.

Nilipojua wamechukua mashine nilikaa kwenye ngazi za maktaba mpaka mlinzi akaniuliza kama nimefiwa.

Jina lako nimelirudisha, la kwanza, kama mwalimu alivyosema. Ritha nimemwomba radhi. Hajajibu, na wiki hii amehamia meza nyingine. Nadhani amejitoa, tutabaki wawili, wewe na mimi. Wale 23 sijui niwaandikeje. Na fomu ya jarida inataka cheo cha kila mwandishi. Nikuandike nani?

Mdogo wako,
Evod


Kibaoni, Ifakara
28 Aprili 2025

Mdogo wangu Evod,

Barua yako nimemsomea mama, sehemu ya redio akaniambia niirudie. Amesema baba alikuwa anaisoma ya kwako pia, mkishalala. Mimi sikulijua hilo na limenichoma kidogo, nakwambia ukweli.

Hao ishirini na tatu waandike walivyo. Namba kamili, na walisajiliwa kwa kidole cha nani, na kwa nini. Kama nitaitwa, waniite wakiwa wameshaisoma yote, wasikute "baadhi". Sheria mnayotaka ibadilishwe haitabadilishwa na baadhi.

Kwenye cheo acha wazi. Cha zamani wamekichukua na kipya sijapata. Andika Kibaoni, Ifakara, inatosha kunipata.

Sasa Ritha. Usimwache ajitoe. Mfuate hiyo meza aliyohamia, na kalamu zake umpelekee. Watu wangapi wamesoma lile jedwali, wenye digrii zao, wakapita? Yeye alitoa thelathini na nane kwenye sitini na moja. Inaniuma kwamba hukuwa wewe, na itaendelea kuniuma, lakini aliona. Bila yeye kuona, hadi leo ningekuwa na mashine yangu na uongo wangu, na wewe ungekuwa na jalada lako peke yako.

Kutangulia kwa sababu mwalimu amesema, sitaki. Wala kwa sababu umenihurumia. Kesho ukikasirika utasema ulinipa. Pangeni majina kwa herufi, kama daftari la mahudhurio. B, halafu E, halafu R. Atakayelalamika kwamba nimetangulia ampelekee malalamiko padri aliyenibatiza.

Ipeleke Jumatano, usingoje Ijumaa. Mtandao wa jarida siku ya mwisho hulemewa.

Dada yako,
Balbina